Jumatatu Wanamleta Baba

Mpendwa Mama,

Uliponisimamia nimwandikie bibi barua, ulinifundisha nianze kwa kumjulia hali, kisha nieleze hali yetu, ndipo niseme shida. "Usiingie na shida mkononi kabla hujaambiwa karibu," ulisema. Nimekaa mezani kwetu hapa Edmonton, London, tangu nilipomaliza kunywa chai, nikijaribu kufuata utaratibu wako, na nimekwama mwanzoni kabisa. Hali yako siwezi kuiuliza. Yangu siielewi. Basi unisamehe, naingia na shida: Jumatatu wanamleta baba.

Wanamleta hapa hapa, mama, sebuleni. Kochi lako nimelisogeza dirishani, na mahali pake pamewekwa kitanda cha hospitali, kile cha kupanda na kushuka kwa umeme. Kifungo cha baba gerezani hakijaisha. Wameamua kumwachia kwa sababu ya ugonjwa. Kiharusi cha kwanza kilimkuta gerezani, cha pili kikamkuta hospitalini, na daktari amesema upande wake wa kulia hautarudi, wala sehemu kubwa ya kumbukumbu zake. Mfungwa wa namna hiyo anaweza kuombewa akauguzwe nje, mradi apatikane mtu wa kumpokea. Mtu huyo ni mimi. Nimekubali, na sijui kama nilikuwa na haki ya kukubali. Ruhusa ningeiomba kwako.

Huenda barua hii ikasomwa na wasiotujua, kwa hiyo niseme wazi jambo ambalo mimi na wewe hatuhitaji kuambiana. Baba alifungwa kwa sababu ya kifo chako. Alikuwa amekunywa, akaendesha gari, na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake.

Siku ile ya sherehe kule Stratford naikumbuka kwa vipande ambavyo havikai pamoja. Nakumbuka ulivyosimama nje ya ukumbi na khanga begani, wewe na baba mkifungasha masufuria ya watu mliyoazima kwa ajili ya pilau. Ulimwambia, "Baba Neema, leo gari tuliache hapa. Tupande treni." Yeye akasema, "Na masufuria haya nani atayabeba? Unataka nipande treni ya Wazungu na sufuria kichwani, wadhani ni kofia ya kikwetu?" Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, mama. Hapo ndipo ninaposhindwa kila nikirudia. Ulikuwa umeshakataa, ukacheka, ukaingia.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa, mimi nikakosa pa kukaa. Ulinipa ufunguo wa nyumba ukaniambia, "Tangulia, tunakuja nyuma yako." Nilipanda treni. Nilifika nyumbani, nikawasha taa ya ukumbini, nikachemsha maji, kwa sababu ulikuwa hulali bila chai.

Siku ya hukumu nilikaa karibu na mama mdogo Rehema, mdogo wako, na jaji alipotaja adhabu sikulia. Niliona ni haki. Bado naona ni haki. Nalisema hili mapema ili usidhani nimelegea.

Hujui kazi ninayofanya siku hizi, maana niliipata baada yako. Ni karani katika ofisi ya shule ya msingi. Ungeifurahia, ina joto na hainitaki nisimame. Sehemu moja ya kazi hiyo ni ya kunitisha: jioni, mtoto ambaye hajachukuliwa huletwa kwangu, naye haondoki na mtu yeyote mpaka nihakikishe kwamba mtu huyo ameruhusiwa kumchukua. Hata akija babu mwenye tabasamu, naangalia kwanza. Wenzangu wananicheka, wanasema ningemzuia hata malaika Gabrieli nimuulize kitambulisho. Mtoto akiniuliza mama yake yuko wapi, huwa namwambia, "Yuko njiani." Nasema hivyo hata kabla mama mwenyewe hajapokea simu.

Nilikuwa kwenye dawati langu aliponipigia mwanamke wa kwanza kati ya wawili. Yeye anashughulikia mambo ya baba upande wa gereza. Aliniita ndugu wa karibu wa mfungwa, akaniuliza kama nyumba ina ngazi, kama mlango una upana wa kutosha kupita kiti cha magurudumu, kama nadhani nitaweza. Nilijibu kila swali vizuri sana. Unanijua, nikiogopa ndipo ninapojibu vizuri.

Haukupita muda mrefu akanipigia wa pili, na huyu kazi yake ni kuwasikiliza watu walioumizwa na kosa la mfungwa. Aliniita familia ya marehemu. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu anayebeba chungu kilichojaa. Alisema huenda mfungwa akaachiwa kwa sababu ya ugonjwa, akaniuliza kama kuna mahali ambapo nisingependa afike. Wanaweza kuandika sharti, alisema. Mtaa, kanisa, nyumba.

"Unajua anapelekwa wapi?" nilimuuliza.

"Anwani anayopelekwa siwezi kuitoa kwa familia ya marehemu," akasema. "Ni kwa usalama wa kila mtu."

"Ni kwangu," nikamwambia. "Anayempokea ni mimi."

Nilimsikia akifungua kitu kwenye kompyuta, akafunga. Kisha akasema, "Samahani, Neema. Hapa nina jina lako upande mmoja tu." Akaniomba nifikirie swali lake kwa muda wangu, akisema kwamba bado lilikuwa swali langu. Nilikata simu nikaenda chooni nikasimama tu. Nyumbani kwako, mama, ndipo mahali pa kwanza ambapo pangenijia mdomoni kama angenipigia yeye kwanza. Amenipigia wa pili. Je, nilimkubali baba kwa mpangilio wa simu tu?

Nilikwenda hospitali kumwona, ile iliyo njiani kuelekea kwa mama mdogo, huko Lewisham. Nilibeba machungwa. Utaelewa kwa nini. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kulea wazee wa watu, ukivua viatu mlangoni, na baba ameshakaa na kisu kidogo akikumenyea chungwa kikwetu, ganda likining'inia kama utepe mmoja usiokatika, kisha anakata kifuniko juu ili ufyonze. Ulikuwa ukisema, "Baba Neema, utanizoesha vibaya." Naye, "Uzoee vibaya kwa nani mwingine?" Mtu huyo na yule wa masufuria walikuwa mtu mmoja. Sijawahi kuwaweka kwenye kiti kimoja.

Kwa hiyo nilibeba machungwa, na kwa kuwa nilibeba machungwa nilibeba na kisu. Haikunipitia akilini hata kidogo. Baba alikuwa amelala, mkono wake wa kushoto umeunganishwa kwa mnyororo mrefu na mkono wa askari magereza, mzee wa Kinaijeria aliyekuwa akisoma gazeti. Nilitoa machungwa, nikatoa kisu.

Askari aliteremsha gazeti polepole. "Dada yangu," alisema, "umemletea mfungwa kisu?"

Nikaanza kueleza habari za maganda na kifuniko. Alinitazama mpaka maneno yakaniishia.

"Hata kwetu tunayamenya hivyo," akasema. "Lakini hapa, vidole." Akakichukua kisu akakikabidhi kwa nesi, na mnyororo ukiwa na urefu wake, mkono wa baba ukaenda naye kidogo na kurudi. Baba hakuamka. Nikaanza kulimenya moja kwa kucha, ganda likitoka vipande vipande.

Alipoamka alilitazama chungwa mkononi mwangu, lina mashimo kama limeng'atwa na panya. Maneno yake siku hizi hutoka yamelegea, lakini nayaelewa. "Nani kalivua nguo hivi?" aliniuliza. Askari alicheka bila kujua tunachosema. Kisha baba akasema, "Mpelekee mama yako. Mwambie hili sikulimenya mimi."

Ziara ya kwanza, kabla ya hii ya machungwa, alipouliza habari zako nilimwambia ukweli. Alilia kwa upande mmoja wa uso, mama. Alilia kama mtu aliyeambiwa sasa hivi, na kwa kweli alikuwa ameambiwa sasa hivi. Akasinzia. Alipoamka aliniuliza kama umeshatoka kazini. Tangu hapo sijamwambia tena. Kwa hiyo yeye amelisahau kosa, na aliyebaki kulikumbuka ni mimi, na nikilikumbuka mbele yake najiona mimi ndiye mkatili. Sijui adhabu inakaa wapi mtu anapoondoka ndani ya kichwa chake mwenyewe. Na siku nyingine sina hakika kwamba ameondoka. Siku hiyo ya machungwa, wakati naaga, aliuinua mkono wenye mnyororo, akanong'ona, "Neema, usimwambie mama yako kwamba nimefungwa. Nilimkatalia treni." Nikasimama palepale. Nikamuuliza, "Treni gani, baba?" Alikuwa ameshageukia dirisha, akauliza kama mvua inanyesha.

Lile chungwa nililichukua. Ningelipeleka wapi? Nililila ndani ya treni ya kurudi, lote, vidole vikininata.

Mama mdogo nilimweleza kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. "Dada yangu yuko chini ya udongo," akasema, "halafu yeye aletwe alale ubavuni mwa kochi lake? Neema, hakuna nyumba za wazee London hii? Mimi nafanya kazi kwenye nyumba hizo, ninakwambia zipo."

"Zipo, mama mdogo."

"Basi?"

Nikaanza kuifuta meza kwa kiganja. Nikadhani amekata. Kisha akasema, "Sitakuja. Sikiliza vizuri, sitakanyaga hapo. Godoro la hewa wameleta? Mwambie nesi alete, na umgeuze mara kwa mara, mgongo usije ukamtoka vidonda. Na usimwinue kwa kwapa, utamvunja." Akakata.

Juzi mwanamke wa pili alinipigia tena, yule wa sauti ya taratibu. Jibu lilikuwa limeshatoka, baba anaachiwa. Aliniambia kama nina mahali pa kutaja, hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kusema hakuna. Nikajisikia nikitaja makaburini.

"Asifike kaburini kwa mama yangu," nilisema. "Isipokuwa mimi nimempeleka."

"Neema, hawezi kutembea."

"Najua."

"Naliandika," akasema.

Tangu hapo najiuliza nilikuwa namkinga nani. Wewe, asije akakufikia aliyekupeleka huko? Au yeye, asije akalisoma jina lako kwenye jiwe siku ambayo kichwa chake kimefunguka? Nageuza upande huu, nageuza ule. Pande zote mbili zina ukweli, na mimi nimezoea kazi ambayo mtu huwa ameruhusiwa au hajaruhusiwa.

Nimeambiwa jinsi itakavyokuwa. Nitamfuata hospitalini, nitapanda naye gari la wagonjwa. Kabla hatujatoka, askari ataufungua mnyororo, nami nitasaini kwamba nimempokea. Nitakuwa nimesimama upande ule mwingine wa dawati langu mwenyewe. Ataniuliza, maana huuliza kila mara, "Mama yako yuko wapi?" Nimejaribu hapa mezani kutamka, "Yuko njiani." Halitoki. Kwa watoto wa shule hutoka kwa sababu mwishowe mama zao hufika, wanahema, wanaomba radhi, wamesahau miavuli. Nadhani nitamwambia, "Nimekuja mimi, baba." Kama una jibu lililo bora kuliko hilo, nalihitaji kabla ya Jumatatu.

Kochi lako halitakaliwa na mtu mpaka nijue kama umeniruhusu. Kisu nimekirudisha kwenye droo yake. Taa ya ukumbini nitaiacha ikiwaka nikienda kumchukua, na maji nitayaweka kwenye birika tayari. Ulisema nitangulie, mnakuja nyuma yangu. Nimewangojea wawili muda wote huu, mama, na anayekuja ni mmoja.

Ni mimi mwanao,
uliyempa ufunguo.