Miguu ya Kidoti

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumepima kuruka kwa mguu mmoja. Watoto ishirini na sita wa chekechea, vumbi mpaka puani. Wote wameruka, hata yule bonge aliyeanguka akacheka mwenyewe. Kidoti hakuruka. Kasimama kama kigingi. Nikamshika mikono nimsaidie – magoti yakamlegea, akakaa chini. Miaka minne na nusu! Ngazi mbili za darasani anazipanda kwa kutambaa. Penseli nayo inamponyoka.

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa viungo kaja. Kamkunja, kamkunjua. Mifupa haina neno. Misuli ndiyo haijafanyishwa kazi. Mtoto hujua kukimbia kwa kukimbia, anasema, na kupanda kwa kupanda na kuanguka. Huyu kazuiwa. Kisha akamshusha soksi. Kifundo cha mguu kina kovu jeusi, limezunguka kote kama pete.

Nimechukua anwani ya kwao kwenye daftari la mahudhurio.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika kwao. Mama yake ni fundi cherehani. Chumba kimoja, mlango umetazamana na barabara kuu. Kidoti yuko sakafuni, kafungwa kwenye tendegu la kitanda kwa kamba ya katani. Hatua mbili, kamba imekwisha.

Nikainama kufungua. Mama kaniambia niache. Sikuacha. Akanirukia na mkasi! Kiganja kimepasuka mpaka nyama nyeupe. Nami – niandike kweli, nani atasoma? – nilimkamata nywele nikambamiza uso kwenye cherehani. Mara mbili. Ya kwanza kujiokoa. Ya pili, hapana. Jino likadondokea kitambaa cha mteja.

Alipokwisha kutema damu ndipo aliposema. Kaka yake Kidoti alijua kukimbia. Alifuata mpira, lori likampitia hapo hapo mlangoni. Mama mtu alimzoa kwa mikono yake.

“Wewe mwalimu, mfundishe wako kukimbia.”

Sina mtoto. Anajua.

Kidoti hakulia. Aliziba masikio tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nyuzi saba kiganjani. Mwalimu mkuu kanifokea – mwalimu mzima unapigana kama mlevi! – kisha akawapigia simu ustawi wa jamii. Watakuja kesho saa nane mchana. Kesho mtoto asitoke shuleni mpaka wafike.

Jirani yao kamleta Kidoti asubuhi kama kawaida. Nimemshusha soksi. Leo alama ziko miguu yote miwili, mbichi, zinatoa maji. Ile ya pili imeletwa na ugomvi wangu mimi.

Jumanne, 11 Machi. Saa tisa na robo alasiri

Ustawi hawajafika. Mwalimu mkuu kaenda kuwafuata ofisini kwao. Watoto wengine wote wameshachukuliwa. Nimefunga mlango kwa ufunguo, ndani mimi na Kidoti. Naandika ili lolote likitokea lijulikane.

Mama yake yuko nje, anamtaka mwanawe. Jiwe la kwanza limevunja kioo, la pili limenipata begani. Anaapa atanichinja. Sasa anaupiga mlango kwa nondo – bawaba ya juu imeng’oka! Nimesukuma meza ya watoto mlangoni. Nimeshika mguu wa kiti uliovunjika. Akiingia nitampiga. Najijua sasa.

Kidoti alikuwa chini ya meza yangu. Hayupo!

Yuko juu ya benchi. Kutoka benchi kapanda kabati – goti, kiganja, goti – peke yake, hakuna aliyemshika! Kafika dirishani. Kang’ang’ania chuma, vipande vya kioo vimemzunguka, anaita mama, mama.

Nondo imenyamaza.

“Mama, huyu kanifungia.”

Ufunguo uko mfukoni mwangu.