Mabati ya Jikoni Yameenda Kwenu

Mke mwenzangu Mwanahamisi,

Salamu za kukuremba sina. Ulipokuwa hai hatukupeana, sitaanza leo kumpamba mtu aliye kaburini. Nimekusomea Fatiha, inatosha.

Nakuandikia kwa ajili ya kimbunga. Redio ilitangaza siku tatu kwamba kinakuja pwani yetu. Shule zikafungwa, vyombo vikazuiwa kwenda baharini. Hapa Mbagala watu wakakimbilia mikate na mishumaa, utadhani kimbunga ni mgeni wa chai. Mie nikakukumbuka wewe na ujinga wako.

Upepo ukivuma kidogo tu, ulikuwa unajifunga kibwebwe, unapanda juu ya jiko letu la uani na nyundo, unang'oa mabati moja moja, unayalaza chini ya kitanda chako. Kutwa nzima tunapikia manyunyuni. Nikikutukana, unanijibu kwa lafudhi yenu ile ya kisiwani: "Dada, bati hili likiruka litamkata mtoto wa mtu. Utamwambia nini mamaye?" Uani kote tulikucheka. Mwanamke wa Mafia, mwoga kama kuku.

Safari hii nilipanda mwenyewe, na magoti haya. Jirani yangu Mama Shufaa akachungulia ukutani.

"Bibi, unahama?"

"Nahamia kwako, kafagie chumba."

Nikayang'oa yote manane, nikayalaza chini ya kitanda kilekile.

Kimbunga hakikuja. Kilipinda. Sie tulipata mvua ya kulowesha kuta, na mpapai wa Mama Shufaa ukalala. Nilisujudu nikashukuru, sikatai. Lakini ungewasikia watu asubuhi dukani! Wamenuna kama walioalikwa harusini wakakosa pilau. "Kimbunga gani hiki? Wametutisha bure!" Wanasikitika kwamba wamepona, wapumbavu wale. Mama Shufaa naye akapika wali wa shukrani, akatangaza kwamba mtaa wetu umeokolewa kwa sababu una watu wa swala. Nikamuuliza mbele za watu, "Na huko kilikopita, hawaswali?"

"Bibi nawe, kula."

Nilikula. Wali ulikuwa mtamu, ila nilikula nimekunja uso.

Maana kilipita kwenu. Mdogo wako Kibibi alipiga simu. Nyumba imebaki kuta tupu, yeye na wanawe wamejibanza darasani. Hakuniomba kitu, alitaka kujua tu kama sie tumepona. Mtu hana paa, ananiulizia mie hali yangu!

Hapo ndipo uliponisuta, Mwanahamisi. Kwa sababu wewe uliwahi kuniomba. Mwaka ule nyumba ya mama yako ilipovuliwa paa, uliyaomba mabati hayahaya, yakiwa chini ya kitanda. Mume wetu akasema niamue mie, mke mkubwa. Nikakwambia, "Nyie watu wa visiwani upepo mmeuzoea." Ulipanda ukayarudisha, ukigongelea msumari mmoja mmoja juu ya kichwa changu, mie nasonga ugali. Mama yako akafa masika yaleyale, kwa kifua. Msibani sikwenda. Nilisema naumwa mguu.

Mguu haukuwa unauma. Sasa ndiyo unauma.

Basi nimeyapeleka. Yamekwenda na lori hadi Nyamisati, yakavushwa na boti. Napika juani, wanga wote wananiona. Mama Shufaa kanijia na ushauri: "Bibi, si ungetoa nguo kuukuu kama sie?" Wenyewe walijaza gunia la nguo ambazo hata kudekia huwezi, na kiatu kimoja cha kushoto. Nikamuuliza kama kwao nyumba huezekwa kwa sidiria. Kaondoka hajaaga.

Usidhani nimegeuka mwema. Sikukupenda, na mchuzi wako wa samaki ulikuwa maji matupu. Lakini kila nikiinua macho jikoni naona mbingu, na sioni vibaya.

Jana Kibibi kapiga tena. Analia, nikamwambia asinilizie sikioni, aseme lake. Akasema wameshaezeka chumba kimoja, wamelala ndani, ila yanavuja, yana matundu ya misumari kama chujio.

"Mshukuru dada yako," nikamwambia. "Ndiye aliyekuwa anang'oa na kupigilia kila upepo ukikohoa."

Akacheka kicheko chako, kilekile nilichokuwa nakichukia.

"Basi dada, tutakinga masufuria."

Nikamwambia akinge. Na upepo ukivuma, ayashushe yote, asije akamuua mtoto wa mtu.

Nisamehe, Mwanahamisi. Sirudii neno hili. Siku nikija huko nipishe nikae, ila samaki nitapika mie.

Mke mkubwa