Maziwa ya Pande Mbili

Nekesa mjukuu wangu,

Salamu kutoka Mautuma. Nyanya yako hajambo, mahindi yamebeba, na mimi bado nashinda vijana kwa jembe.

Umeuliza nani alimaliza vita vyetu na watu wa ng'ambo ya mto. Ningesema ni mimi, maana kwa mishale hakuna aliyenifikia. Lakini ni tangi la maziwa.

Serikali ililijenga pale darajani, la pande zote mbili. Siku ya kwanza nilikataa kabisa, nikataka maziwa yangu yawekwe kando. Kijana wa ng'ambo, yule aliyenichoma mshale begani, akacheka: "Kwani ng'ombe wako ana kabila? Mwaga, bwana. Lori la kuchukua maziwa haliji tangi likiwa nusu." Na kweli, upande mmoja haungelijaza. Nikamwaga. Nikachungulia ndani, nikashindwa kujua yangu ni yapi.

Basi asubuhi moja pembe ya vita ikalia. Upinde wangu uko ukutani, mimi nimeshika chuchu za ng'ombe. Nikatega sikio. Ng'ambo ndama wanalia, ndoo zinagongana. Nao pia walikuwa wanakamua. Nikaendelea kukamua, na siku hiyo hakuna upande uliotoka kupigana.

Ni mimi babu yako, ambaye hajawahi kukosa shabaha.