Prosesa ya Dereva wa Kawajense

Jumatatu, 6 Julai 1998

Ifahamike kwa wote wanaohusika, yaani mimi, kwamba leo asubuhi kalamu nyekundu imeisha wino. Kuanzia sasa jarida la kompyuta litapigiwa mistari kwa bluu.

Jarida aliniachia yule mpima ardhi aliyepanga chumba cha uani mwaka jana. Aliniachia na sahani ya kung'aa, wanaiita CD, yenye mchezo wa magari. Alinichezesha mara moja kwenye laptop yake. Nikagonga ukuta. Tangu siku hiyo sijapona. Sahani naitumia kujitazamia nikinyoa ndevu, kioo kilivunjika.

Mke wangu Skola anajua tunanunua laptop ya kupigia watu chapa, taipureta yangu ipumzike. Mpunga wake wa kijijini kwao Mamba ndio umeuzwa. Shamba lake, jembe lake, mgongo wake. Alinikubalia bila kuuliza mara mbili. Hilo ndilo linaniuma.

Jumanne, 7 Julai

Barua ya Deo kutoka Dar. Deo ni kaka yake Skola, ndiye mnunuzi wetu. Ameona laptop mbili za mitumba duka moja, zinafanana kama mapacha. Tofauti ni prosesa, yaani injini ya ndani. Moja 486. Nyingine Pentium. 486 inatosha kwa barua, na chenji itarudisha magunia kadhaa. Pentium inameza mpunga wote. Anataka jibu kwa simu ya upepo, mwisho Ijumaa.

Jarida liko wazi. Kwenye 486 gari litatembea kama linasukumwa na watu.



Jumatano, 8 Julai

Nimekwisha.

Simu ya upepo, ile redio ambayo ukimaliza kusema unasema ova, iko parokiani, katekista ndiye anayeiendesha. Haina siri. Ukiongea hapa Mpanda, Mwese wanasikia, Mamba wanasikia, kila anayesubiri zamu yake popote anasikia. Nalijua hilo miaka yote. Leo nimelisahau. Deo aliponiuliza nachukua ipi, nilimwuliza, kwa sauti kubwa maana Dar ni mbali, kama 486 inaweza kubeba mchezo wa magari.

Ikaingia sauti ya mama mmoja, kutoka Mamba. Alikuwa kwenye foleni, anataka kuulizia dawa ya macho. Mama mkwe wangu.

"Mkwe wangu, mpunga wa mwanangu unakwenda kununua mchezo? Ova."

Alisema ova vizuri kuliko mimi. Niliweka maiki mezani, nikatoka.

Alhamisi, 9 Julai

Kawajense nzima, mtaa wetu, ni mafundi wa kompyuta. Mwenye mashine ya kusaga amenisimamisha barabarani. "Chukua injini kubwa, Dereva. Ndogo ukiitwika mzigo inachemsha." Ndiyo jina langu sasa, Dereva. Mama wa maandazi yuko upande wa 486, anasema kikubwa kinakula sana. Mzee mmoja aliyeteremka na maharage yake kutoka Mwese, Mrundi mpole, hatujuani kabisa, ameniuliza kama gari limeshafika.

Skola hakugomba. Amefua mashati yangu yote, ameyakunja, amepanda lori la kwenda kwao Mamba. Bora angepiga kelele. Nyumba inanitisha.

Ijumaa, 10 Julai

Siku ya mwisho ya Deo. Nimekwenda parokiani na jibu moja: 486. Njia nzima nalisema. 486, 486. Chenji irudi, magunia yarudi, na mwenye magunia arudi.

Laini ikafunguka. Kuanzia hapa hadi Mamba hakuna aliyekohoa. Nina miaka arobaini na moja. Sijawahi kushika usukani wa kitu chochote, hata trekta. Nikafungua mdomo.

"Pentium," nikasema. "Ova."

Katekista alinitazama kana kwamba nimekunywa divai ya altare.

Jumapili, 12 Julai

Sikwenda misa. Ugali wa jana, chumvi. Nimetafuta kosa la Skola, hata moja, nijitetee nalo. Sijapata. Najichukia.

Alhamisi, 16 Julai

Hakuna habari kutoka Mamba. Kwenda kumfuata naogopa, mama yake yuko mlangoni. Kupiga simu ya upepo, hapana.

Ijumaa, 24 Julai

Laptop imefika na treni, Deo ameificha katikati ya gunia la nguo za mitumba. Nimerudi nalo kichwani. Skola alikuwa amekaa kizingitini, kikapu miguuni, vumbi la lori hadi kwenye nyusi. Hakunisalimia.

"Nionyeshe mpunga wangu."

Umeme ulikuwepo. Nikaiweka mezani, nikaiwasha, nikapiga jina lake kwa herufi kubwa. SKOLASTIKA. Akaliangalia muda mrefu. Akagusa kioo kwa kidole, palepale kwenye S. Halafu akauliza magari yako wapi.

Nikaenda kuchukua sahani kwenye beseni la kunyolea. Nikaifuta povu kwa shati. Tumeigeuza ile mashine pande zote, juu, chini, ubavuni, yeye akinishikia tochi. Akacheka kidogo, puani. Kisha akaingiza kikapu ndani.

Mashine ina mlango wa disketi tu. Sahani haina pa kuingia.