Mayungiyungi ya Harusi ya Dada

Nyumba ya nyuma ya kinu,
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko? Goti limepona, au bado ndiyo sababu yako ya kutofagia? Sisi tupo. Mama anakusalimu, kikohozi kimemwachia. Mimi mzima wa mwili, uso tu ndio sina pa kuuweka.

Utasikia mengi kuhusu harusi ya Dada. Bora uyasikie kwangu kwanza.

Dada alitaka urembo wa shamba: ghala lifagiliwe, meza zitandikwe magunia, alizeti na nyasi kavu zikae kwenye chupa. Nikamcheka. Nikamwambia nyasi ni za ng'ombe, na yeye haolewi zizini. Unanijua, shule niliikimbia lakini kwa urembo hakuna wa kunigusa. Nikamletea yungiyungi kutoka bwawani, la buluu, limechanua kama sahani. Akaduwaa. Akauliza kama yatakaa mpaka jioni. Nikamjibu aniachie mimi. Alizeti aliyokwisha kuikata akawagawia majirani.

Asubuhi ya harusi nikaingia majini mpaka kifuani. Kila meza nikaiwekea beseni la mayungiyungi. Ghala likapendeza, nikawa nazunguka mikono mfukoni nikipokea sifa. Mpishi akaniita Bwana Maua, na mimi nikaitika.

Watu wa bwana harusi wakaingia saa kumi. Shangazi, maua yote yalikuwa yamefumba. Mabeseni yamejaa vichwa vya kijani kama bamia zilizosahauliwa kwenye maji. Kumbe yungiyungi hufunga duka mapema, na likishakatwa ndiyo basi. Wanawake wa upande ule wakaanza kukonyezana. Mama mkwe akauliza, kwa upole kabisa, nani aliyechagua maua.

Nilikuwa palepale. Nikainama kama nafunga kamba za viatu.

Dada akasema, "Ni mimi, mama. Nilidhani yatapendeza."

Tangu siku hiyo huko ukweni ndiyo utani wao: bibi harusi gani hajui hata kuchagua ua. Na yeye anacheka nao, hanitaji.

Jana nikashindwa kula. Nikaenda kwa mama mkwe, nikamweleza kwamba ni mimi, Dada alitaka alizeti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita wanawake wote kutoka jikoni, akaniambia niyaseme tena. Nikayasema yote. Dada alikuwa nyuma yao, kashika sufuria.

Dada akanisindikiza mpaka njiani. Tulipofika akasema, "Siku ile nilikuwa peke yangu kati yao, na wewe ulikuwepo."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo, Shangazi. Mpaka sasa naandika bado ninayo. Ukimwandikia, usinitetee.

Nisalimie Mjomba, na yule binamu anayejiona mrefu kuliko mimi. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata kwa aibu hii,

Bwana Maua