Baba Ameuona Mwezi Kwenye Bati

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chumbani nalia.

Lile paa la kuzunguka, la kibanda cha darubini, mimi na fundi tumelimaliza leo. Jioni nikamwita baba awe wa kwanza kuutazama mwezi. Nikalisukuma paa, magurudumu yakakwama. Uwazi wake ukabaki upande mwingine, darubini ikawa inatazama bati.

Sijasema neno, baba ameshaweka jicho.

"Mungu mkubwa! Nauona, mwanangu. Unang'aa kweli!"

Bati, mwenzangu. Bati tupu!

Na kila siku anatuambia macho yake mazima, eti ni miwani tu imechakaa.

Nikamjibu, "Ndiyo baba, unang'aa."

Sasa yuko sebuleni anamsimulia mama alivyouona. Nimepiga magoti, lakini sijui niombe nini.