Asubuhi Ambayo Sikukuamsha

Kitinda mimba wangu,

Chai iko kwenye chupa. Sanduku usilifungue tena, zipu yake imechoka. Napitia stendi kubadilisha tiketi yako ya chuoni iwe ya kesho, halafu niende kazini.

~~Ulijitakia mwenyewe.~~ Hiyo nimeikata.

Alfajiri nilisimama mlangoni kwako nikakutazama ukilala, hadi saa ya basi ikapita. Ulipoamka na kuanza kulia, nikakwambia chuoni hakuna wa kukuamsha, bora uzoee. Mama yako hajanisemesha tangu hapo, na ana haki.

Halikuwa somo, mwanangu. Nilitaka tu ulale hapa usiku mmoja zaidi.

Kesho nitakugongea mapema. Lakini weka na alamu, usinitegemee.

Baba